Kaboni

Wiki iliyopita mjukuu wangu, anayeuza kwenye duka lilelile la vifaa nililostaafia, alikuta karatasi ya kaboni ndani ya kitabu cha zamani cha risiti. Akaishika, vidole vikawa bluu. "Babu, hii mlikuwa mnafungia nini?"

Mtu nimelea watoto kwa hiyo karatasi.

Kaboni ilikuwa na harufu yake, kama nta na mafuta ya taa, na ilikuwa na adabu yake. Karani aliyenipokea pale Runzewe hakunifundisha hesabu, alinifundisha kukandamiza kalamu. "Ya juu ni ya mteja," alikuwa akisema, "ya chini ndiyo mshahara wako." Nakala isiposomeka, karani analipa. Kaboni moja aliitumia mpaka ikapauka kama kanga ya kudekia, kisha akaianika juani kidogo nta ilainike, akaendelea nayo. Akikosea hafuti: anapiga mstari mmoja, anatia sahihi, kosa linabaki kitabuni na jina la mwenyewe pembeni.

Wateja wetu walikuwa wachimbaji. Makarai, sururu, tindo, kamba za kushukia duarani, yaani shimoni. Wengi hawana kitu mpaka mawe yasagwe, kwa hiyo lilikuwepo daftari la pili, la madeni, na kila jina limeandikiwa duara lake na mtu anayemfahamu. Yule karani alikopesha kwa sura, akaandika kwa wino.

Mashine ya risiti, ya EFD, nilikuwa nasema ilitufikia 2010. Nimepekua vitabu: 2010 ndipo zilipoanza nchini, ila kurasa zetu za mwisho za mkono zina muhuri wa Geita, na hadi 2012 sisi tulikuwa Mkoa wa Shinyanga. Basi, ni baada ya hapo. Tuliifurahia, nisiseme uongo; kujumlisha kwa kidole kuliisha. Lakini risiti yake iache kwenye kioo cha lori siku chache, utabaki na karatasi nyeupe. Nakala zangu za 1998 nazisoma mpaka leo.

Ikaja kompyuta, ikaja programu ya stoo, zikaja malipo ya simu, kipi kilitangulia sijui. Programu ilikataa robo kilo ya misumari, ilitaka kilo nzima. Kijana aliyeileta, amevaa raba nyeupe kwenye vumbi letu, akatuambia tutazoea. Tukazoea: robo tunaziandika kwenye boksi tupu, zikifika nne tunaingiza kilo. Baada ya miezi miwili wauzaji wapya walidhani ndivyo misumari inavyouzwa.

Nikamuuliza mjukuu, mchimbaji asiye na pesa leo unamwandika wapi humo kwenye kompyuta? Akacheka, akainama chini ya meza, akatoa kauntabuku. Ukurasa wa siku hiyo: makarai mawili, sururu moja, "karasha likisaga, Ijumaa."

Sahihi ya mteja haikuwepo. Nikamwambia alete kalamu.