Muulize Fundi Wako: Paswadi Yangu Umeiweka Wapi?

Wasee, leo naongea na wewe mwenye duka la mtandaoni, na wewe unayemtengenezea mtu tovuti ya elfu tano.

Unajua zile imeli hujituma zenyewe? "Asante, oda yako imepokelewa." Hakuna mtu amekaa mahali akiziandika. Ni programu, na mara nyingi, ili itume, huingia kwa akaunti ya imeli ikiwa na paswadi. Sasa, hiyo paswadi imekaa wapi?

Juzi beshte yangu anayeuza viatu aliniomba nicheki mbona risiti haziendi. Kufungua faili, paswadi yake ya Gmail hiyo hapo, wazi kama bei ya nyanya sokoni. Fundi alikuwa ameweka programu yote GitHub, hadharani. Na cha kuuma ni kwamba hiyo paswadi haingefanya kazi. Tangu Mei 30, 2022, Google ilifungia programu zinazoingia Gmail ya kawaida kwa jina na paswadi tu. Yaani ameanikwa bure!

Gmail hiyo hiyo ndiyo aliyoandikisha KRA na HELB. Mtu akiiingia, kazi yake ni kubonyeza "nimesahau paswadi" kila mahali, halafu angoje barua.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo usiniambie haya ni mambo ya wenye digrii. Shida ni haraka. Mteja anataka leo, fundi anataka balansi yake. Na ikiwaka, anayelia ni mteja.

Fanya hivi. Fungua akaunti ya mfumo peke yake, isiyo na maisha yako ndani. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha utengeneze paswadi ya programu, ile ya herufi 16. Ikivuja, unaifuta bila kugusa paswadi yako kuu. Lakini usilale: aliye nayo bado anaweza kusoma barua zote za hiyo akaunti. Ndiyo maana nikasema iwe akaunti ya pembeni.

Hiyo paswadi isiandikwe ndani ya programu. Iweke kwenye faili la .env huko kwa seva, na ulitaje kwa .gitignore lisipande na vingine.

Na kama ilishapanda, kufuta huo mstari hakusaidii. Git hukumbuka kila kitu kama shangazi wa kijiji. Toleo la jana bado liko. Ua hiyo paswadi kwanza, tengeneza nyingine, ndio usafishe faili.

Beshte yangu alibadilisha yake jioni hiyo hiyo. Wewe, kabla hujatuma balansi, muulize fundi: paswadi yangu umeiweka wapi? Akicheka tu, shikilia pesa yako.