Kila Chombo na Kazi Yake

Msomaji wangu kijana, nataka kukusimulia habari ya kushindwa kwangu. Watu wengi hupenda kutangaza ushindi wao, na kushindwa kwao hukuficha chini ya mkeka. Lakini mimi kushindwa kumoja kulinifunza jambo ambalo ushindi haukupata kunifunza, na ningekuwa mchoyo kama ningekunyima.

Likizo moja ya Desemba mpwa wangu alikuja kukaa nami mjini Mombasa. Yeye ni mwanafunzi wa kidato cha pili, mpole wa maneno lakini mkali wa hesabu. Alikuja na mchezo wa kompyuta uitwao Hearts of Iron IV, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Paradox ya Uswidi. Katika mchezo huo kila mchezaji hushika nchi moja kama ilivyokuwa mwaka 1936, akajenga viwanda na majeshi, akajiweka tayari kwa Vita vya Pili vya Dunia. Mimi nilishika Italia. Yeye akashika Uingereza.

Nilikuwa na bahari ya Mediterania mbele yangu na tamaa nyingi moyoni. Kila gudi nililokuwa nalo nililitia katika kazi ya kuunda manowari kubwa za mizinga. Nilifikiri hivi: mwenye mzinga mkubwa ndiye mwenye nguvu, na mwenye nguvu ndiye mwenye bahari. Vyombo vidogo nilividharau. Miaka ya mchezo ikapita, na chuma changu chote kikaishia katika manowari chache zilizopendeza macho kama majumba ya wafalme.

Vita vilipoanza, mpwa wangu hakunijia na majumba. Alinijia na kundi la destroya, yaani manowari ndogo, nyepesi, zenye mbio, zichukuazo topido, kombora lile liendalo majini na kutoboa meli ubavuni. Mizinga yangu ilinguruma, lakini vyombo vile vilikuwa vyepesi mno kupigwa. Vilikaribia, vikatupa topido, na manowari zangu zikaanza kuzama moja baada ya moja. Wakati huohuo nyambizi zake zilikuwa zikiziangamiza meli za shehena zilizowapelekea askari wangu mahitaji huko Libya. Kabla ya magharibi sikuwa na manowari, na jeshi langu lilikuwa na njaa jangwani.

"Mjomba," akaniambia kwa adabu, "umejenga nyumba nzuri sana, ila umesahau kutia mlango."

Nilicheka, ingawa moyo uliniuma. Kisha nikamwomba anifundishe, maana si aibu mkubwa kujifunza kwa mdogo. Akanieleza kwamba katika mchezo ule manowari hupigana kwa safu. Safu ya mbele ni ya walinzi, nao ni destroya na kruza nyepesi. Nyuma yao husimama manowari kubwa za mizinga, na nyuma kabisa manowari za kubeba ndege, ambazo mkono wake ni mrefu lakini mwili wake ni dhaifu. Kila manowari kubwa yataka walinzi watatu. Walinzi wakipungua, topido hupata njia ya kupita. Destroya ndizo pia ziwindazo nyambizi, adui ajaye kwa siri kama mwivi wa usiku. Na meli za shehena, ambazo hazipigani hata kidogo, ndizo zinazowalisha wote.

"Usiulize kwanza chombo kina ukubwa gani," alisema. "Uliza kinamlinda nani, na nani anakilinda."

Maneno hayo yalinikaa. Kesho yake tulikwenda kutembea Fort Jesus, nami nikamwonyesha mzinga mmoja wa kale uliowekwa pale. Mzinga huo ulitoka katika manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo iliivamia Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyokuwa imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo yake, ikaizamisha. Kisha ikaenda kujificha ndani ya delta ya mto Rufiji. Kruza za Waingereza, zilizokuwa na nguvu kuliko yeye, zikaja kuizingira. Lakini zilibaki nje, kwa sababu maji ya mtoni hayakuwa na kina cha kuzipitisha. Nguvu ilikuwapo, kilichokosekana ni chombo kiifaacho kazi hiyo.

Miezi ikapita. Hatimaye vikaletwa vyombo viwili, Severn na Mersey, vilivyokuwa vimeundwa kwa ajili ya Brazili vitumike katika mto Amazon. Mwendo wake ulikuwa wa pole, na bahari kuu haikuwa makao yake. Ilibidi vikokotwe kwa kamba kutoka Malta. Lakini tumbo lake halikuzama sana majini, kwa hiyo viliweza kuingia pale wakubwa walipokwama. Ndege zikaruka juu kuvionyesha mahali zilipoanguka risasi. Mnamo tarehe 11 Julai 1915 habari ya Königsberg ikaisha. Wajerumani waliing'oa mizinga yake wakaitumia vitani nchi kavu, na mmoja wao ndio huu tulioutazama.

Tukaenda kukaa chini ya mibuyu ya Mama Ngina, mahali pa kutazama meli zinazoingia na kutoka Kilindini. Hapo nilimwambia mpwa wangu habari nyingine, ambayo mchezo hauwezi kuieleza yote. Mapema Februari 1944 ulitoka katika lango hilihili msafara wa meli tano za kuchukua askari, zikielekea Colombo. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wa Kikosi cha 301, pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, walinzi wa msafara walikuwa kruza moja, Hawkins, na destroya mbili, Petard na Paladin. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ilipenya ikaipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli hiyo ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Watu 1,297 walikufa.

Lakini nyambizi ilikuwa bado iko chini, na meli nyingine zilikuwa bado zina watu. Kazi ya destroya ni kuiwinda. Zikatupa mabomu yake baharini, na baadhi ya waliookoka walikuwa wangali wakielea katika maji yale yale. Hatimaye nyambizi ikaibuka ikazamishwa. Sijui mabaharia wale walilala vipi usiku ule. Najua tu kwamba walinzi walikuwa wachache na bahari ilikuwa pana, na kwamba kazi ya chombo kidogo yaweza kuwa nzito kuliko mzinga wowote.

Mpwa wangu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mjomba, kwenye kompyuta tunahesabu meli tu." Nikamjibu kwamba ndiyo sababu yafaa tuzihesabu kwa uangalifu.

Usiku ule tulicheza tena. Safari hii nilianza na destroya, nikaweka walinzi kwa meli za shehena, kisha ndipo nikajenga manowari kubwa moja. Nilishindwa tena, maana mwalimu wangu alikuwa hodari. Lakini nilichukua miaka mitatu ya mchezo kushindwa, na askari wangu walikula mpaka siku ya mwisho.

Nawe, msomaji, utakapopewa kundi la kuliongoza, liwe la mchezo, la darasa au la watu wazima, usitafute wakubwa peke yao. Mjue kila mmoja kwa kazi yake. Mtazame hasa yule mdogo asimamaye mbele, ambaye hakuna amsifuye, ukajiulize ni nani atakayefikiwa siku atakapokosekana.