Kisiwa cha Wanyama Kando ya Jiji

Sisi watu wa pwani tukitajiwa kisiwa hukumbuka Lamu, Pate na Wasini. Nairobi haina bahari, lakini inacho kisiwa cha namna yake, nacho ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117. Kaskazini yake pana majumba marefu ya jiji, na upande wa magharibi vimesimama vilima vya Ngong, mabaki ya volkano ya kale.

Tulitoka karibu na Msikiti wa Jamia baada ya swala ya Alfajiri, kina mama, watoto na bibi zao, tukashika barabara ya Lang'ata hadi lango kuu. Asubuhi ndiyo saa njema, kwani jua likishapanda wanyama hutafuta vivuli. Tuliwaona pofu, kongoni, punda milia na mbuni. Kisha twiga wakapita taratibu, na nyuma ya shingo zao yakaonekana maghorofa. Mbali kidogo alikuwapo kifaru mweusi akila majani ya vichaka. Mbuga hii ni hifadhi yao kubwa, na kutoka hapa vifaru wamepelekwa kuanzisha makundi mapya kwingineko.

Watoto waliuliza ndovu wako wapi. Hapa hawaishi huru, kwa kuwa nafasi ni ndogo. Walioko ni yatima wanaolelewa pembezoni mwa mbuga, kisha hurudishwa Tsavo, nyika ile ile tunayoipita tukienda na kurudi Mombasa. Tukawapeleka mahali zilipochomwa pembe: tani 12 mwaka 1989, na zaidi ya tani 100 mwaka 2016. Bibi mmoja aliwaeleza kwamba pembe zile zilichomwa ili zisipate soko tena.

Lakini ua unaweza kumwangamiza mnyama kama bunduki. Mbuga imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini tu, ng'ambo ya mto Mbagathi, ndio ulioachwa wazi, ili wanyama watoke kwenda malisho ya Kitengela wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Siku hizi malisho hayo yanajengwa nyumba na kuwekewa nyaya, na misafara mikubwa ya nyumbu imepungua mno. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi, wengi wao Wamasai, ili wasizungushe ua, kwa maana mfugaji naye ana watoto wa kulisha na karo za kulipa. Njia hiyo ikifungwa, hiki kitakuwa kisiwa kweli, na wanyama wake wafungwa.

Basi jamaa atakayefika Nairobi asiishie madukani. Awachukue watoto, abebe maji, chakula na darubini, wala asishuke garini ila panaporuhusiwa. Viumbe hawa nao ni umma, na haki yao ya njia ni amana mikononi mwetu.