Safari ya Keko na Fremu ya Baba

Mama msomaji, umewahi kuona aibu kwa ajili ya vitu vya nyumbani kwako? Mimi nimewahi. Ilipofika zamu yangu ya kupokea ibada ya jumuiya, niliitazama sebule yangu nikaona kila kitu kimechakaa. Fremu ya picha yetu ya harusi ilikuwa imebabuka, stendi ya maua imeshika kutu, na fremu ya kioo cha ukutani, ambayo marehemu baba aliitengeneza kwa mkono wake, ilikuwa nyeusi kwa moshi na vumbi la miaka mingi.

Nikanunua kopo la rangi ya kupuliza, ya dhahabu. Makopo haya yalianzia Marekani mwaka 1949, kwa muuza rangi aitwaye Edward Seymour, na inasimuliwa kuwa wazo alilitoa mkewe. Siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha, nami nilikuwa na haraka. Nilitandika magazeti katika chumba cha watoto, nikafunga dirisha, nikapuliza fremu ya harusi na stendi. Usiku mtoto wangu wa mwisho, mwenye pumu, akalala humo humo.

Saa nane za usiku niliamshwa na sauti ninayoijua sana kutoka wodini: kifua cha mtoto kikipiga filimbi. Tulimpa dawa yake ya kuvuta, tukamtoa barazani kwenye hewa safi, na kulipokucha alikuwa salama. Lakini mimi, muuguzi ninayewafundisha akina mama wenzangu kila siku, sikuwa na la kumwambia baba watoto. Wanajumuiya walipofika, hakuna aliyeuliza habari za fremu. Wote waliuliza, "Mtoto anaendeleaje?"

Baada ya wiki chache kutu ilijitokeza tena juu ya ile dhahabu. Nilipopata likizo nikafunga fremu zangu mbili katika mfuko, nikapanda treni ya umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Morogoro na Dar es Salaam mwaka 2024. Nilikuwa nakwenda kumsalimia dada yangu Temeke, na yeye ndiye aliyenishauri, "Twende Keko."

Ukitaka kitanda au kabati Dar es Salaam, wengi watakuelekeza Keko. Vitanda, makochi na meza vimepangwa nje, kando ya barabara. Nyuma yake mashine za kuranda zinanguruma, maranda yametapakaa chini, na harufu ya vanishi inakupokea kabla hujamwona fundi.

"Shikamoo mama," alinisalimia kijana mmoja mwenye mavumbi hadi kwenye kope.

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie hizi."

Aliikwaruza fremu ya harusi kwa ukucha, dhahabu ikabanduka. "Mama, rangi haina kosa. Kosa lilitangulia rangi. Ulipaka juu ya uchafu."

Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama. Aliiosha fremu kwa maji ya sabuni, akaiacha ikauke. Akaisugua kwa msasa mpaka ikawa laini, akaifuta vumbi. Kisha akaipeleka uwazini, akasimama upepo ukimtoka mgongoni, akavaa kinyago chenye vichujio viwili. Alipuliza kwa umbali wa kama sentimita 30, mkono ukitembea bila kusimama, tabaka jembamba sana. Akangoja. Akapuliza tena. "Ukitaka imalizike mara moja, itachuruzika," alisema.

Nilimwuliza kama barakoa zetu za hospitali zingetosha. Akacheka kwa adabu. Kwa kweli mimi ndiye niliyepaswa kujua: barakoa ile huzuia matone, haizuii mvuke wa rangi.

Basi nakuambia, mama mwenzangu, kama muuguzi. Puliza nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali, na kitu kisirudi ndani kabla harufu haijaisha. Makopo mengi yana gesi inayoshika moto upesi, kwa hiyo yasikaribie jiko wala kuachwa juani. Usipulizie chombo cha chakula wala mwanasesere ambaye mtoto humtia mdomoni. Rangi ya zamani isisuguliwe ikiwa kavu, maana nyingine zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo katika damu kinachojulikana kuwa salama. Lowesha msasa, kisha futa vumbi lote kwa kitambaa kibichi.

Ilipofika zamu ya fremu ya baba, nilimwambia fundi, "Hii nayo ipulize dhahabu." Alifuta pembe moja kwa kitambaa chenye maji kidogo. Chini ya weusi ikatokea rangi ya kahawia yenye wekundu, na mistari ya mti ikaonekana.

"Hii ni mninga, mama. Nani aliitengeneza?"

"Baba yangu."

"Basi mimi siipulizi. Nikiipuliza nitakuwa nimemfukia mzee mara ya pili."

Aliisafisha, akaipaka mafuta, akanirudishia. Kwa kazi hiyo hakutaka hata senti. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nilikuwa nimeijua methali hiyo tangu utoto, lakini niliielewa siku ile Keko.

Leo fremu ya harusi inang'aa, na ya baba ipo ukutani na rangi yake ya asili. Mwanangu hujitazama hapo kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Mama msomaji, kabla hujanunua kopo, uliza mambo mawili: je, kitu hiki kinahitaji rangi, au kinahitaji kuoshwa tu? Na wageni wakija, watakuja kutazama fremu, au watakuja kutuona sisi?