Wasioamka Pamoja

Wiki hii nimemaliza sehemu zote 6 za Parasyte: The Grey, tamthilia ya kutisha ya Korea Kusini iliyotolewa mwaka 2024, ambayo chimbuko lake ni katuni za Mjapani Hitoshi Iwaaki. Baadhi ya waliozisoma katuni hizo wanalalamika. Humo Shinichi husemezana na kimelea aishiye mkononi mwake. Lakini Su-in na Heidi, wenye mwili mmoja, hawaamki pamoja, huhitaji mjumbe au maandishi. Eti urafiki umepoa. Vichwa vile vinavyopasuka vilinichosha hata mimi, ila hapo siwaungi mkono. Baba yangu alikuwa mlinzi wa usiku. Utotoni tulijuana kwa vikaratasi alivyoviacha chini ya kikombe, nami ningali navyo.