Madebe ya Maji

Nilikuwa na miaka 11 mwaka 1974, siku wazee walipoketi barazani kwetu Magomeni kumaliza habari ya mama. Talaka ilikwishaandikwa. Kilichobaki ni vitu. Nilijibanza nyuma ya mlango, mdogo wangu nimembeba mgongoni ili asilie.

Aliyeuliza ni baba mkubwa. Hakuuliza kwa ukali, na mtu huyu alitupenda.

"Shemeji, humu ndani uliingia na nini?"

Mama akataja: masufuria matatu, mbuzi ya kukunia nazi, mkeka wa ukindu, kinu na mchi wake, sanduku la nguo. Akanyamaza. Mzee mmoja akasema basi haki yake ndiyo hiyo, na kitoka nyumba, fedha ya kumuaga mke aliyeachwa, atapewa. Nyumba yenyewe, vyumba sita, vitatu vina wapangaji, haikutajwa na mtu. Hata mama hakuitaja.

Na mimi nilikuwa nimeiona ikijengwa. Tulianza na vyumba viwili vya miti na udongo. Matofali yalifyatuliwa pale pale uani, na maji ya kufyatulia aliyaleta mama kichwani, debe baada ya debe, alfajiri, kabla foleni ya bombani haijawa ndefu. Mchana aliwapikia mafundi, mtoto mgongoni. Baba alifanya kazi bandarini na mshahara wake ndio ulionunua saruji. Hilo silikatai hata leo. Lakini saruji kavu haisimamishi ukuta.

Sheria ya Ndoa ilikuwa na miaka mitatu wakati ule. Tangu 1971 ilikwishasema kwamba mke ana haki ya kuwa na mali yake, na kwamba ndoa ikivunjwa mahakama inaweza kugawa mali iliyochumwa kwa jasho la wote wawili. Barazani kwetu sheria hiyo haikufika. Na hata ilikofika, majaji hawakuwa kauli moja: wako walioshikilia kwamba kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu, haumpi fungu.

Mwaka 1983, mimi nikiwa karani mpya wa mahakama ya mwanzo, Mahakama ya Rufani ikatoa hukumu katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Jaji Mkuu alikuwa Francis Nyalali. Ikaamuliwa kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na fungu, kwa kuwa ilionekana fedha alizokwisha kupewa na mumewe alizifuja. Lakini swali lilikuwa limebadilika. Taratibu nikaanza kusikia wanawake wakiulizwa, "Ulikuwa ukifanya kazi gani humo ndani?" Waliokuja wamejiandaa kutaja masufuria walikosa pa kuanzia. Namkumbuka mmoja aliyelia kwanza, kwa muda mrefu, ndipo akajibu.

Jioni moja nikamsimulia mama, katika chumba alichopanga Manzese. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Na maji, mwanangu? Maji nayo wanayaandika?"

Nikamwambia, ndiyo mama, yanaandikwa.

Akausogeza ungo pembeni, akaanza kuhesabu kwa sauti: madebe manane kabla ya jua, sita jioni, Ijumaa mafundi hawaji.