Kucha na Kuchwa Chini ya Majua Sita: Tafakuri ya Mwanaisimu

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa mandhari yanayopendwa na watunzi wa bunilizi za kisayansi ni ulimwengu wenye majua mengi yaliyosongamana. Ninaandika "majua" kwa makusudi, ingawa neno hilo halikai vizuri katika sikio la Mswahili. Ngeli inaliruhusu, lakini matumizi ya kila siku hayalihitaji. Jua letu ni moja. Hata tunaposema jua la asubuhi, jua la utosini au jua la jioni, tunataja hali mbalimbali za kitu kilekile. Makala haya yanakusudia kuuliza swali dogo: mtu aliyezaliwa chini ya majua sita angeutajaje wakati?

Swali hili halikunijia kwa njia ya starehe. Mwanafunzi wa uzamili ninayemsimamia aliwasilisha pendekezo la kufasiri hadithi ya aina hii kwa Kiswahili na kuchambua msamiati wake wa wakati. Mjumbe mmoja wa kikao akauliza, "Hili linahusiana nini na Kiswahili?" Pendekezo likarudishwa. Swali la mjumbe lilikuwa halali, na lilistahili jibu refu kuliko lile linaloweza kutolewa katika dakika kumi za kikao. Kurasa zifuatazo ni jaribio la kulitoa.

2.0 Majua ya Watunzi na Majua ya Wanafalaki

Hadithi iliyokusudiwa kufasiriwa ni "Nightfall" ya Isaac Asimov, iliyochapishwa katika jarida la Astounding Science-Fiction mwezi Septemba 1941, mtunzi akiwa na umri wa miaka 21. Sayari ya Lagash ina majua sita, na daima moja au zaidi huwa angani. Wakazi wake hawajui giza. Ila kila baada ya miaka 2049 hutokea kwamba jua moja tu limebaki juu ya upeo, na mwezi ambao hakuna aliyepata kuuona unalifunika. Giza linaingia kwa muda unaozidi nusu ya siku, nyota 30,000 zinajitokeza kwa mara moja, watu wanarukwa na akili na kuichoma moto miji yao ili wapate mwanga. Ustaarabu unaanguka, kisha unaanza upya.

Mwaka 1990 Asimov na Robert Silverberg waliikuza hadithi hii ikawa riwaya. Sayari ikaitwa Kalgash, na majua yakapewa majina: Onos, Dovim, Trey, Patru, Tano na Sitha. Msomaji wa jarida hili atasita hapo, kama nilivyosita mimi. Majina hayo yanafuatana kama hesabu. Patru ni nne kwa Kirumania. Tano na Sitha zinalia masikioni mwetu kama tano na sita. Mwanaisimu hafunzwi kuona ukopaji kila aonapo mfanano wa sauti, nami sidai hivyo. Ninachosema ni kwamba mfanano huo unaangukia mahali penye historia ndefu katika hesabu zetu: tano ni ya Kibantu, na sita ndipo Kiarabu kinapoingia, kikifuatwa na saba na tisa.

Mfano wa pili ni riwaya ya Liu Cixin kuhusu tatizo la miili mitatu, iliyotoka kwa mfululizo jaridani nchini China mwaka 2006 na kuwa kitabu mwaka 2008. Tafsiri yake ya Kiingereza, kazi ya Ken Liu, ilitoka mwaka 2014 na kupata tuzo ya Hugo mwaka 2015. Sayari yake inatupwa huku na huko na majua matatu ambayo mwendo wao hautabiriki. Watu wake hujikausha miili ili wahifadhiwe wakati wa balaa, na huloweshwa tena hali ikitulia.

Wanafalaki nao wamekuwa wakiukaribia ulimwengu wa watunzi. Mwaka 2011 ilitangazwa sayari ya Kepler-16b, inayozunguka nyota mbili kwa siku 229. Mwaka 2021 ulitangazwa mfumo wa TYC 7037-89-1, wenye nyota sita zilizopangika katika jozi tatu, na katika kila jozi nyota hupatwa na mwenzake zinapotazamwa kutoka hapa kwetu. Jozi mbili huzungukana kwa takriban miaka 4; jozi ya tatu huzizunguka hizo mbili kwa takriban miaka 2000. Mwaka 2024 ulitangazwa mfumo wa TIC 290061484: nyota mbili zinazozungukana kwa siku 1.8, na ya tatu inayozizunguka kwa siku zisizozidi 25. Zote tatu zingeweza kuenea ndani ya njia ya sayari ya Zebaki kulizunguka jua letu.

Mifumo hiyo hudumu kwa sababu ya daraja: jozi ndani ya jozi, kila moja ikiwa mbali vya kutosha na nyingine. Hata Alpha Centauri, ambako Liu ameiweka hadithi yake, ina nyota mbili kubwa zinazozungukana kwa takriban miaka 80, na ya tatu, Proxima, iko mbali mno nazo. Vurugu ya riwaya ni ya riwaya. Mwanaisimu hawezi kusoma habari za daraja hizi asikumbuke sentensi, ambayo nayo husimama kwa vikundi vilivyo ndani ya vikundi.

3.0 Lugha Iliyofungamana na Jua Moja

Watunzi hawa wamejali mizunguko ya nyota. Je, wamejali maneno? Katika utangulizi wa riwaya ya 1990, Asimov na Silverberg wanamweleza msomaji kwamba wametumia maneno aliyoyazoea badala ya kumbunia vipimo na majina ya Kikalgash. Huo ni uamuzi wa mfasiri. Unaingia katika lugha ya riwaya yenyewe kabla haujamfikia mfasiri wa Kiswahili, na mfasiri huyo hawezi kuurithi bila kuuchunguza, kwa kuwa Kiswahili kimefungamana na jua kwa namna iliyo wazi mno.

Tuanze na saa. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza tangu kupambazuka. Hesabu hii inatufaa kwa sababu tunaishi karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribiana kwa urefu mwaka mzima. Chini ya majua sita, saa moja itahesabiwa tangu kuchomoza kwa jua lipi? Mfasiri hana budi kuandika "saa moja ya Onos", na papo hapo sarufi imeongeza kijalizo ambacho sisi hatujapata kukihitaji.

Pili, yapo maneno mawio na machweo. Haya yanastahimili wingi wa majua kwa sharti la kupewa mwenyewe: machweo ya Trey, mawio ya Dovim. Hata hivyo yanapoteza kazi yake ya kuutenga mchana na usiku, kwa maana jua moja likizama lingine liko utosini.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini, ipo jozi ya vitenzi -cha na -chwa. Kumekucha, kumekuchwa. Tofauti yao ya umbo ni sauti moja, w. Kutokana na jozi hii tumepata "usiku kucha" na "mchana kutwa", kutwa ikiwa ni umbo jingine la kuchwa. Kukesha na kesho ni ndugu wa kucha. Aidha, tukisema "kumekucha" hatulitaji jua kamwe. Kiambishi ku- kinataja hali iliyotanda pahali, si kitu kilichoileta. Kwa hiyo neno hili lingeweza kusafiri hadi Kalgash likiwa zima. Tatizo ni kwamba Kalgash hakuna wa kulisema, kwani hakujakuchwa kwa miaka 2049.

Linganisha na maneno yatokanayo na maisha ya watu: kuamka, kushinda, kupumzika, kulala. "Umeamkaje?" na "Umeshindaje?" ni salamu ambazo Mkalgash angezielewa mara moja, maana naye huchoka na kulala, hata kama hulala kweupe. Basi msamiati wetu wa wakati una mizizi miwili, mmoja angani na mwingine miilini mwetu. Bunilizi ya majua mengi ni chombo cha kuitenganisha, na sijui chombo kingine kinachoifanya kazi hiyo vizuri hivyo.

Liu, kwa upande wake, aliliona jambo hili. Watu wake hawaugawi wakati kwa mchana na usiku bali kwa enzi mbili, ambazo naweza kuziita Enzi Tulivu na Enzi ya Vurugu. Swali lao la kila siku si "saa ngapi?" bali "enzi gani?" Pamoja na kubuni anga, alibuni pia upinzani wa kimaana unaostahiki anga hiyo.

4.0 Giza na Neno

Asimov ameijenga hadithi yake juu ya dai kwamba giza pekee laweza kumtikisa mtu asiyelizoea, na kwamba nyota zitamaliza kazi. Dai hili nimelipima kwa jambo ninalolijua.

Marehemu baba yangu alipofuka kwa presha ya macho, akaishi miaka tisa bila kuona hata kivuli. Katika miaka hiyo hakupotewa na wakati. Alijua kumekucha kwa adhana, kwa majogoo na kwa sauti ya muuza maandazi. Alijua adhuhuri kwa joto la jua mabegani na kwa watoto wanaorudi shule. Jioni, tukiwa tumezama katika mazungumzo, yeye ndiye aliyekuwa akituambia, "Kumekuchwa, washeni taa." Taa hiyo haikuwa na faida yoyote kwake. Alituamrisha tuiwashe kwa sababu ulikuwa wakati wake, na wakati alikuwa nao.

Sina nia ya kumshinda Asimov kwa habari za baba yangu. Nataka kuonyesha tu kwamba giza si jambo moja. Giza la baba lilikuwa na kucha na kuchwa ndani yake, kwa kuwa alikuwa amezungukwa na watu waliozitamka. Wanafalaki wa Lagash walijua kwa hesabu kwamba giza lingepita. Lakini hesabu iliyo mikononi mwa wataalamu wachache, tena iliyopatikana juzi, si neno lililo kinywani mwa umma. Umma ulikuwa na neno "nyota", lililohifadhiwa katika kitabu kitakatifu cha madhehebu fulani, bila kujua linarejelea nini. Neno ambalo hawakuwa nalo ni kucha. Na asiye na kucha hana kesho: waliichoma miji yao ilhali mwanga ungerejea kabla ya moto kuzimika.

Wapo watakaosema kwamba hapa ninaipa lugha uwezo mkubwa mno, na kwamba woga hauulizi kamusi. Ninakubali kwamba neno haliondoi woga. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete kule Rujewa, mkoani Mbeya, tulitumia kitenzi kilekile tunachokitumia kwa ugonjwa na msiba: kupatwa. Woga wa kale umo ndani ya kitenzi hicho. Lakini apatwaye na ugonjwa aweza kupona, na jua lililopatwa huachiwa. Lugha haikuuficha msiba, wala haikuuacha bila mwisho.

5.0 Kumfasiria Nani?

Sasa naweza kumjibu mjumbe wa kikao. Mfasiri wa "Nightfall" atakutana na tatizo katika neno la kwanza kabisa, yaani anwani. Akiandika "Kumekuchwa", atakuwa ameteua neno letu lenye uzuri, lakini atamfariji msomaji kabla ya wakati: kwa Mswahili, kuchwa kunaahidi kucha. Akiandika "Usiku Umeingia", atakuwa amewapa watu wa Lagash usiku, kitu kinachoingia na kutoka kama mgeni aliyezoeleka. Mimi ningependelea "Kiza", neno tupu, lisilo na mwenzake wa kulijibu. Mwanafunzi wangu anapendelea "Kumekuchwa". Anasema msomaji wa Kiswahili ndiye apaswaye kulijua lile ambalo wahusika hawalijui, na kwamba uchungu wa hadithi umo katika tofauti hiyo. Tumebishana juu ya jambo hili kwa muhula mzima, na kila mara nimeondoka nikiwa nimejifunza kitu kuhusu -cha na -chwa ambacho sikukikuta katika vitabu vya sarufi nilivyovisomea shahada zangu.

6.0 Hitimisho

Tumezoea kupima uwezo wa Kiswahili katika sayansi kwa kuhesabu istilahi: tuna neno la hiki, hatuna neno la kile. Kazi hiyo ni ya lazima, na imefanywa kwa juhudi. Hata hivyo, istilahi zilizo ngumu zaidi si za vitu vigeni. Jozi za nyota na mizunguko yake zimetajika katika makala haya bila taabu kubwa. Yaliyotusumbua ni asubuhi, saa moja, usiku na kesho, maneno ambayo mtoto wa miaka mitano anayo. Bunilizi ya majua mengi inayaweka maneno hayo mahali ambapo hayawezi kutumika kwa mazoea, na hapo ndipo tunapoona yameundwa kwa nini.

Pendekezo la mwanafunzi litawasilishwa tena katika kikao kijacho, likiwa na sura moja ya nyongeza kuhusu vitenzi vya -cha na -chwa. Anwani yake ameiacha kama alivyoitaka yeye, nami nimeitia sahihi.